Uganga na Mashine Chini ya Paa Moja

(Hotuba hii ilisomwa na mwanachama wetu aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1979, mbele ya wanachama na wanafunzi waliokutana katika bwalo la shule. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa ombi la wengi waliokuwapo na la wengine waliokosa nauli.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wa zamani wenzangu, na nyinyi vijana ambao sasa mnalala katika mabweni tuliyoyaacha:

Kwanza kabisa natoa shukrani kwa heshima niliyopewa. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili nilisimamishwa ili niadhibiwe, na nawaona wawili watatu hapa mbele wanaolikumbuka kosa lenyewe. Sitalitaja.

Mada yangu imewashangaza baadhi yenu. Asubuhi mwenzangu mmoja aliniuliza, "Mzee, wewe na katuni wapi na wapi?" Jibu ni hili. Nimefanya kazi ya ufundi mitambo wa picha na sauti kwa zaidi ya miaka 30, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni kukaa na wajukuu mbele ya televisheni. Kwa hiyo katuni nimezitazama nyingi, pengine kuliko mtu yeyote wa rika langu humu ndani. Aidha, mwezi uliopita nilipokea barua kutoka Chama cha Sanaa cha shule hii. Vijana wanatengeneza filamu ya katuni ya dakika nane kwa zile kompyuta mbili tulizozichangia. Wamegawanyika. Kundi moja linataka nchi yao ya kubuni iwe na waganga, mizimu na hirizi. Kundi jingine linataka roboti na vyombo vya angani. Wakaniuliza: tuchague lipi?

Ndugu zangu, barua ile ilinikosesha usingizi, kwa sababu swali hilo mimi nililijibu vibaya mwaka 1977, nikiwa kidato cha pili, katika darasa lile la pili kutoka kwenye mwembe.

Hadithi ya jenereta

Wenzangu mnakumbuka jenereta yetu. Iliwashwa saa moja jioni na kuzimwa saa nne usiku, na siku ikigoma tulisoma prepo kwa karabai mbili darasa zima. Mwalimu wetu alitutaka tuandike hadithi ya kubuni. Mimi nikaandika hivi: jenereta ya shule imekufa mkesha wa mtihani. Kijana anakimbia kijijini kwa babu yake mganga. Babu anakuja, anafunga hirizi kwenye jenereta, jenereta inawaka, wanafunzi wote wanafaulu. Mwisho.

Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Huu ni ushirikina. Soma fizikia." Kisha akaisoma hadithi mbele ya darasa, na darasa likacheka mpaka likachoka.

Babu yangu mimi alikuwa mganga wa kweli, mganga wa kuunga mifupa. Watu waliletwa kwake kwa machela kutoka vijiji vya mbali. Kila likizo kabla ya hapo nilikuwa nakaa karibu naye nikimshikia vipande vya mianzi alivyofungia miguu ya watu. Baada ya wino ule mwekundu sikukaa tena. Niliona haya. Nilikuwa nakwenda mtoni na kitabu cha fizikia, na yeye hakuniuliza kitu. Alifariki mwaka 1979, miezi michache kabla ya mtihani wangu wa kidato cha nne. Vidole vyake vilikuwa vinajua mambo ambayo leo hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kuwaelezeni, pamoja na mimi.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mwalimu yule. Leo nasema alikuwa na haki nusu. Hadithi yangu ilikuwa mbaya kweli kweli. Lakini ubaya wake haukuwa hirizi. Ubaya wake ni kwamba hirizi ile haikumgharimu mtu yeyote kitu chochote. Babu hakupoteza kitu, kijana hakujifunza kitu, na hakuna aliyeuliza kesho itakuwaje. Kama ningemleta fundi kutoka mjini, akagusa jenereta kwa spana mara moja ikawaka, hadithi ingekuwa mbaya vile vile, na mwalimu angenipa alama nzuri.

Kwa hiyo vijana, msigombane juu ya hirizi na roboti. Vyote viwili vinaweza kuingia katika nchi moja ya kubuni. Vikiingia bure, vyote viwili vitaiharibu hadithi.

Mnaita nini?

Kabla hamjachora kitu, amueni mnachora nini. Katika filamu nyingi za wenzetu mambo haya yote huitwa kwa neno moja. Sisi tunayo maneno mengi, na kila neno lina nchi yake. Uchawi hufanywa gizani, kwa siri, na hudhuru. Uganga una mlango ulio wazi, una ujira wake na una miiko yake. Ramli hufunua lililofichika lakini haitibu. Mazingaombwe ni kiini macho cha kuwafurahisha watazamaji, na kila mtu anajua hivyo. Muujiza hauna fundi, hutoka kwa Mungu. Mkisema tu kwamba nchi yenu "ina nguvu za ajabu", hamjasema kitu. Mkisema ina uganga, basi mtazamaji wa hapa atauliza mara moja: mganga nani, analipwa nini, na mwiko wake ni upi?

Mashine nayo iulizwe maswali yale yale. Imetengenezwa na nani? Inakula nini? Ikiharibika nani anajua kuitengeneza? Mimi niliyekula mshahara wa mitambo nawaambieni kwamba mashine isiyojulikana inakula nini haina tofauti na hirizi ya hadithi yangu.

Jambo la kwanza: bei

Iko filamu ya Mjapani Hayao Miyazaki ya mwaka 2004, iitwayo Howl's Moving Castle, iliyotokana na kitabu cha Diana Wynne Jones wa Uingereza. Ndani yake mna nyumba kubwa ya mabati, mabomba na mabomba ya moshi, inayotembea kwa miguu kama kuku. Ukiitazama utadhani inaendeshwa na injini. Lakini injini yake ni jini la moto linalokaa jikoni, katika meko, linakula kuni na kulalamika kama mpishi wa shule. Mashine na jini wamekuwa kitu kimoja.

Filamu ile inasimama imara kwa sababu kila kitu kina bei. Jini limefungwa kwa mapatano: mchawi Howl, alipokuwa mtoto, alilipa moyo wake. Anapogeuka ndege na kuruka kwenda vitani, kila mara inakuwa vigumu zaidi kurudi kuwa mtu. Na siku moto unapotolewa katika meko, nyumba yote inaanguka vipande vipande. Mtazamaji hahitaji kuelezwa kanuni hizi. Anaziona zikitozwa.

Mfano wa upande wa pili ni Onward, filamu ya Marekani ya mwaka 2020. Nchi yake zamani ilikuwa na nguvu za ajabu, lakini zilikuwa ngumu kujifunza. Ikabuniwa taa ya umeme, watu wakabonyeza swichi, na polepole wakasahau yale ya mwanzo. Wenye mabawa wakaacha kuruka. Mimi nilicheka pamoja na wajukuu, kisha nikanyamaza. Hakuna aliyewakataza watu wale. Waliacha tu, kwa sababu cha rahisi kilikuwapo. Nilimkumbuka mzee na mianzi yake.

Jambo la pili: nani anacho, nani hana

Katuni ya mfululizo iitwayo The Legend of Korra, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2014, ina watu wanaozaliwa na kipaji cha kuamuru maji, udongo, moto au upepo. Katika mfululizo wa kwanza, uliomalizika mwaka 2008, vipaji hivyo vilikuwa vya mashujaa. Katika huu wa pili miaka kama 70 imepita, mji una magari, redio na umeme. Na umeme unatoka wapi? Wale wanaoweza kutoa radi mikononi wameajiriwa katika kituo cha umeme. Wanapanga mstari, wanapiga radi, wanapokea mshahara.

Picha ile ni ya muda mfupi, lakini inaeleza uchumi wa nchi nzima. Kisha linakuja swali la wasio na kipaji. Wamechoka kutawaliwa na waliozaliwa na bahati, na silaha yao ni mashine: glavu za umeme zinazompa mtu wa kawaida uwezo wa kumwangusha mwenye kipaji. Hapo mashine na kipaji vinagombana, na kila upande una haki yake.

Hali kadhalika Arcane, iliyotengenezwa na Wafaransa wa studio ya Fortiche na kuonyeshwa mwaka 2021. Hii si ya watoto wadogo, ina umwagaji damu mwingi, lakini ilishinda tuzo ya Emmy mwaka 2022 kwa haki. Kijana aitwaye Jayce aliokolewa na mchawi katika theluji alipokuwa mtoto pamoja na mama yake. Akikua anataka jambo jema: nguvu ile iingizwe ndani ya mashine ili imfae kila mtu, siyo wateule tu. Anafaulu, pamoja na mwenzake Viktor aliyetoka mji wa chini, kwenye moshi na hewa ya sumu. Kwanza wanajenga milango ya kurusha vyombo vya angani kwa biashara. Mji wa juu unatajirika. Mji wa chini unabaki kwenye moshi wake. Baadaye mawe yale yale yanatiwa kwenye silaha. Hakuna aliyeanza kwa nia mbaya. Walisahau kuuliza faida itakaa upande gani wa daraja.

Kwa hiyo vijana, katika nchi yenu, kabla ya kuchora roboti mzuri, chora foleni. Nani yuko mwanzo wa foleni na nani hafiki dirishani?

Jambo la tatu: ajabu moja tu

Miyazaki huyo huyo alitoa mwaka 1986 filamu ya ngome inayoelea angani, Laputa, jina alilolichukua katika kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726. Mle ndani ajabu ni moja tu: jiwe linaloweza kuelea. Binti Sheeta anaanguka kutoka katika chombo cha angani usiku, na jiwe shingoni mwake linang'aa, anashuka polepole kama unyoya. Kijana Pazu, mfanyakazi wa mgodini, anamdaka. Mara jiwe linazimika, na uzito wa binti unarudi wote kwa ghafla, kijana nusura amwangushe. Baada ya hapo hakuna haja ya mwalimu wa kueleza. Tumekwisha kujua jiwe hufanya nini, na hufanya hivyo kwa muda gani.

Baadaye, chini ya ardhi, mzee mmoja wa migodini anawaonyesha kwamba mawe ya kawaida yana mwanga huo huo ndani yake, lakini hufifia yakiguswa na hewa. Wa kale pekee ndio waliojua kuyasafisha. Mwishowe tunaiona ngome yenyewe, na jiwe lile lile, lililo kubwa, ndilo linaibeba, pamoja na silaha zake zote na roboti mmoja anayetunza bustani na kuweka maua kaburini. Jiwe moja limetumika kwa binti, kwa bustani na kwa mauaji. Miyazaki alizuru Wales katika miaka ile ya mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe, 1984 na 1985, na mji wa Pazu umechukua sura ya huko. Ndiyo maana ajabu yake inatoka mgodini, mikononi mwa watu wanaofanya kazi.

Vijana, nyinyi mna dakika nane. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo mna picha 11,520. Hata mkichora mchoro mmoja kwa kila picha mbili, kama wafanyavyo wachoraji wengi, ni michoro 5,760. Hamna nafasi ya maajabu kumi. Chagueni moja, mlifuate mpaka mwisho.

Tanuru za wazee wetu

Sasa nataka niseme jambo ambalo laiti ningelijua mwaka 1977. Wakati mimi nachekwa darasani, miaka ile ile ya 1970, wazee wa Buhaya walikuwa wanajenga upya tanuru za kuyeyushia chuma mbele ya wataalamu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo yao. Walitoa hoja kwamba wahunzi wa kale wa upande ule walipasha hewa moto ndani ya mifereji ya udongo kabla haijafika kwenye mkaa, na kwa njia hiyo walipata joto kali sana. Hiyo ni fizikia, ndugu zangu.

Na kule Ufipa walijenga tanuru ndefu za kama mita tatu, zinazovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru ndogo yenye mivukuto. Lakini chini ya tanuru waliweka dawa. Tanuru iliangaliwa kama mwanamke anayekaribia kuzaa, na wahunzi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Ukimwuliza mhunzi yule ni kipi kilichotoa chuma, hewa au dawa, asingelielewa swali. Kazi ilikuwa moja. Ilikuwa na ufundi wake, na miiko yake ndiyo iliyokuwa bei yake.

Sisemi kwamba dawa iliyeyusha chuma. Mimi ni fundi, najua joto ndilo linaloyeyusha. Nasema kwamba mtu anayetafuta nchi ambamo uganga na mashine vinakaa chini ya paa moja hana haja ya kuazima kila kitu kwa Wajapani. Wengine wameanza. Julai 2023 ulitolewa mkusanyo wa filamu kumi fupi za katuni kutoka nchi sita za Afrika, chini ya usimamizi wa studio ya Triggerfish ya Cape Town, na jina lake ni la Kiswahili: Kizazi Moto. Mganda Raymond Malinga alichora wachungaji wa Ufalme wa Wachwezi, wenye miili iliyounganishwa na mitambo, wakilinda ng'ombe dhidi ya viumbe wa kiroho. Mkenya Ng'endo Mukii aliita filamu yake Enkai, kwa jina la Mungu wa Wamaasai. Hawa ni majirani zetu. Hawakuchagua kundi moja wakaliacha jingine.

Hadithi ile, mara ya pili

Namalizia. Usiku ule niliokosa usingizi niliiandika upya hadithi yangu ya kidato cha pili, baada ya miaka mingi na bila wino mwekundu. Jenereta imekufa mkesha wa mtihani, kama zamani. Kijana anamwendea babu yake. Babu anamwambia, "Naweza, lakini mashine hii haili mafuta yangu. Inakula ninayoyajua." Kijana hasikilizi vizuri, ana haraka ya kusoma. Hirizi inafungwa, taa zinawaka. Usiku wa kwanza babu anasahau jina la mti mmoja. Usiku wa pili anasahau namna ya kufunga mguu uliovunjika. Kijana anaona, lakini mitihani bado, na taa ni nzuri. Anajiambia, nitamwuliza likizo. Usiku wa mwisho anamaliza kusoma, anakwenda kuifungua hirizi, na babu anamtazama chini ya mwanga mkali wa taa na kumwuliza kwa adabu, "Kijana, wewe ni wa nani?"

Hadithi hiyo nawapa Chama cha Sanaa. Kama itawafaa, ichoreni. Kama haitawafaa, tupeni, andikeni yenu, lakini muiulize maswali yale matatu: bei ni nini, nani anacho na nani hana, na ajabu yenyewe ni moja au ni utitiri.

Na kwenu wanafunzi wote, hata msiochora: likizo inakuja. Wengi wenu mna babu au bibi anayejua kitu, kusuka mtego, kuchonga mtumbwi, kuunga mfupa. Chukueni kitabu cha fizikia, mkakae naye karibu mkisome hapo hapo. Mkimwona anafanya jambo, mwulizeni kwa nini.

Kwenu wanachama wenzangu, Ndugu Mweka Hazina ameniomba niwakumbushe kwamba kompyuta mbili kwa wachoraji kumi na wanne hazitoshi, na kwamba umeme bado unakatika. Kofia yake iko pale mlangoni. Mwakani, Mungu akitujalia, tutaitazama filamu hiyo katika bwalo hili hili, na mimi nimejitolea kuendesha mashine.